Kiti cha Breki ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu ameninunulia daftari hili lenye jalada la maua, akaniambia, "Mama, uwe unaandika yale unayoyasahau." Nikamwuliza nitaandikaje kitu ambacho nimekisahau. Basi nitaandika ninayoyakumbuka, na daftari likijaa kabla mvua hazijaisha atanunua jingine, shauri yake.

Ninakumbuka kwamba mimi ni mwalimu wa udereva. Nina gari dogo jeupe lenye breki na klachi upande wangu pia, na mtaa mzima unaniita Mama Breki. Nimefundisha wauguzi, wachinjaji, hakimu mmoja, na marehemu mume wangu, ambaye kwa ubishi aliwashinda wote.

Ninakumbuka pia ya Ijumaa, ambayo ndiyo yaliyoleta daftari. Nilikuwa kiwanjani na Seremala. Huyu ni mwanafunzi wangu wa sasa, mtu mzima, fundi wa makabati, anataka leseni ili apeleke mwenyewe vitu vyake kwa wateja. Nilimwambia arudi nyuma katikati ya mapipa, aende mbele, arudi tena, mpaka nitakapomwambia basi. Nikashuka nimwangalie kwa nje. Simu ikalia, nikaongea. Mvua ikaanza, nikafungua mwavuli, nikaenda zangu nyumbani. Nikachemsha chai. Seremala akaendelea kurudi nyuma na kwenda mbele mpaka mafuta yakaisha, kisha akaja kwangu kwa miguu, amelowa chapachapa, akabisha hodi. "Mwalimu," akasema, "niendelee?"

Mimi nilicheka. Binti hakucheka. Alisema si mara ya kwanza, akataja na mengine, ambayo kama anayataka ayaandike yeye. Kisha akachukua ufunguo wa gari, akautia kwenye mkoba wake. "Ufunguo utakaa kwangu mpaka daktari aseme una nini."

Gari ni langu. Kile kiti cha pembeni chenye breki ya pili ni changu. Mtu asinitoe pale kwa sababu ya mwavuli.

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Binti kaondoka kwenda saluni kwake na mkoba wake na ufunguo wangu. Ameniachia vidonge mezani kama kawaida: vya sukari, cha presha, na vile vya nywele anavyowauzia wateja wake. Nimevimeza vyote kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepelekwa kwa daktari. Ni mwanamke kijana, mrefu, amevaa raba. Alimwangalia binti yangu, akauliza, "Mama ana shida gani?"

"Mama yupo hapa," nikasema, "na masikio anayo."

Akaomba radhi, akageuza kiti chake kunielekea. Hapo nilimpa alama moja.

Alinitajia maneno matano nikae nayo kichwani: kitambaa, ndimu, daraja, mjomba, kijani. Akanichorisha saa. Akataka nitoe saba kwenye mia, kisha saba tena, kisha saba tena. Nikamwuliza kama yeye anaweza kulishika gari mlimani kwa klachi tu bila kurudi nyuma. Alicheka, lakini hakuniachia, nikatoa saba zangu. Mwishoni akayadai maneno yake. Nilimpa matatu. Ndimu na daraja nimeyaandika hapa kwa sababu binti aliniambia njiani tukirudi. Pale ndani niliyatafuta nikakuta ukuta mtupu. Niliogopa. Sikumwambia mtu.

Daktari hakuzunguka. "Kuna upungufu mdogo wa kumbukumbu na kufikiri. Si kichaa, wala si ule ugonjwa mkubwa wa kusahau kabisa. Ni katikati."

"Yaani niko nyutro."

"Uko nyutro," akasema. "Na sitaki kusema zaidi kabla sijapima damu. Kuna mambo ya kawaida yanayoweza kuvuruga kumbukumbu. Tezi ya shingoni, vitamini kupungua, chumvi za mwilini, sukari, figo, maambukizi ya zamani. Tukipata kimoja, tunakitibu."

"Na msipopata?"

"Tutajua kwamba si hivyo. Hiyo nayo ni kazi."

Binti akauliza kuhusu gari, na daktari akasema nisiendeshe wala nisifundishe barabarani mpaka majibu yatoke. Ile alama yangu nikaichukua.

Jumanne, 11 Machi
Maabara. Niliambiwa nije sijala kitu, nami sikula. Vidonge vya asubuhi nilimeza kwa maji, maana vidonge si chakula.

Mtoa damu alipanga vichupa vyenye vifuniko vya rangi, akawa anasoma karatasi kwa sauti kama anayeita wanafunzi darasani. Damu kamili. Sukari. Figo. Ini. Tezi. Vitamini. Virusi. Kaswende.

"Nani kaandika kaswende?"

"Daktari, mama."

Nilishusha mkono wa gauni, nikapanda ngazi mpaka kwa daktari, nikaingia bila kubisha. Nikamwambia mimi ni mjane, nina heshima zangu, na kama mitihani yake ni ya kunivunjia heshima mbele za watu, bora nife na ukungu wangu kichwani.

Alisubiri nimalize. "Ningempima hata mama yangu mzazi," akasema. "Ugonjwa huo unaweza kukaa kimya mwilini miaka na miaka, kisha ukaanza kula akili. Na unatibika. Unataka niuache kwa sababu nakuheshimu?"

Nilishuka ngazi, nikakaa, nikanyoosha mkono. "Chukua vyote," nikamwambia mtoa damu. "Na kama kuna kingine hawajakiandika, ongeza."

Ijumaa, 14 Machi
Mtihani wa barabarani wa Seremala ni mwishoni mwa Mei, na mimi sina gari. Basi leo nimemfundishia sebuleni. Viti viwili vya mezani, sinia mikononi awe ndiyo ameshika usukani, vifuniko vitatu vya sufuria sakafuni: klachi, breki, mafuta. Kwa gia nilimpa mchi uliosimama ndani ya kinu. Upande wangu niliweka vifuniko viwili, maana breki yangu sikubali kunyang'anywa hata kwenye mchezo.

Tulikuwa tunapanda mlima, gia ya pili, Seremala anatoka jasho la kweli, binti akafungua mlango.

"Mnafanya nini?"

"Usisimame mbele ya gari," nikamwambia.

Seremala, kwa adabu zake, akampigia honi.

Binti aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilidhani amekasirika. Baadaye nikamsikia anacheka peke yake, kisha sikujua tena kama anacheka.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua mchana kutwa. Nilisahau jina la mdogo wangu kwa muda mfupi. Lilirudi lenyewe. Nililitukana.

Jumatano, 19 Machi
Majibu. Kaswende hakuna. Virusi hakuna. Nilimtazama binti kwa jicho la "ulikuwa unasemaje?" ingawa hakuwa amesema kitu. Figo nzima, ini zima, sukari si mbaya, vitamini B12 kawaida. Kisha daktari akafika kwenye tezi, akaisoma mara mbili.

Karatasi inasema tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi.

Binti alirukaruka kwenye kiti. "Kwa hiyo ndiyo hiyo! Inatibika?" Machozi yalishamlenga. Akanishika mkono, na mimi nikaushika wake, na nitaandika wazi kwamba kwa muda ule nilifurahi kama mtoto.

Daktari hakufurahi. Alinishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo. Akaniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu aone kama itatetemeka. Haikutetemeka. Akauliza kama nimekonda, kama natokwa jasho, kama silali. Nikamwambia gauni hili nililivaa mazishi ya mume wangu na bado linanibana palepale.

"Majibu haya yanamtaja mtu mwingine," akasema. "Karatasi inataka mtu aliyekonda, anayetetemeka, moyo unakimbia. Wewe umetulia kuliko mimi. Unameza dawa gani?"

"Za sukari na ya presha. Niliziandikisha siku ya kwanza."

"Na kingine?"

"Hakuna."

Binti akakohoa kidogo. "Kuna vile vya nywele," akasema, "lakini hivyo si dawa, ni vya urembo tu."

Daktari akataka kuona kopo. Binti analo kwenye mkoba kila siku kwa ajili ya wateja, akalitoa, likatoka pamoja na ufunguo wangu. Daktari alisoma nyuma ya kopo, akalipiga mezani kwa kidole. Ni vitamini iitwayo bayotini, na humo imejaa tele. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini hiyohiyo kukamata kile zinachokitafuta, na damu ikiwa imejaa nayo, mashine inachanganyikiwa. Kingine inakisoma juu, kingine inakisoma chini, na inaandika kwa uhakika wote.

"Kumbe hata mashine inasahau ilikuwa inatafuta nini," nikasema. "Na yenyewe mmeinyang'anya ufunguo?"

Daktari alicheka. Binti aliinamisha kichwa. Aliyeletwa kwa kusahau ni mimi, na aliyesahau kutaja ni yeye, na ningeweza kumsema mpaka jioni. Lakini nilimwona anavyolitazama lile kopo, nikaona tiba aliyokuwa ameishika mkononi inamponyoka. Nikaacha. Nitamsema mwaka kesho.

Niache vidonge wiki nzima, kisha damu upya.

Alhamisi, 20 Machi
Sijameza cha nywele. Nywele ziko palepale.

Ijumaa, 28 Machi
Damu tena. Mtoa damu aliuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala, sijameza, na nimepumua kidogo tu.

Jumatano, 2 Aprili
Tezi haina neno lolote. Lakini vitamini B12, ambayo mara ya kwanza ilisomeka kawaida, kumbe iko chini sana. Ile bayotini ilikuwa inaificha. Daktari anasema vidonge vya sukari nilivyomeza miaka yote hii huweza kuuzuia mwili usiichukue vitamini hiyo kwenye chakula, na ikipungua, miguu hufa ganzi na kumbukumbu hupata ukungu.

"Basi ndiyo hiyo," nikasema.

"Ni sehemu. Sijui kama ni yote."

"Itarudi?"

"Mara nyingine hurudi yote, mara nyingine nusu, mara nyingine inasimama ilipo. Tutachoma sindano, kisha nikupime tena. Nikikwambia zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Nilitaka kumgombeza, nikakuta sina kosa la kumgombezea. Nimemrudishia alama yake.

Jumatano, 9 Aprili
Sindano. Mkono unauma. Nimeukumbuka siku nzima bila daftari.

Jumatano, 16 Aprili
Sindano. Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Seremala kaja na vifuniko vyake mwenyewe, amevitengeneza kwa mbao, vina springi chini. Klachi ya Seremala ni nzuri kuliko ya gari langu.

Jumatano, 30 Aprili
Leo nilimkumbusha binti siku ya kuzaliwa ya shangazi yake. Yeye alikuwa amesahau. Nilitembea tu mbele yake mara kadhaa.

Jumatatu, 12 Mei
Maneno manne! Mapya haya, si yale ya kwanza, na saa niliyochora ungeweza kuitundika ukutani. Daktari akasema nimepanda, ila sijafika alikotaka nifike. Hilo la pili alilisema taratibu, na mimi nililisikia haraka, kisha nikaliweka kando. Ameruhusu nifundishe: mchana tu, si usiku, muda mfupi, na nikiona kitu kisichoeleweka nimwambie.

Nje ya mlango binti alitoa ufunguo kwenye mkoba, akaniwekea kiganjani. Niliubusu mbele za watu. Nimeshinda.

Jumatatu, 19 Mei
Nitaandika yote, na kwa mpangilio wake.

Nilitoka na Seremala asubuhi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Alianza vizuri, akapita sokoni bila kuzima, na mimi nimekaa kwenye kiti changu najiona mwanamke wa kwanza duniani. Tukaufikia mzunguko mkubwa ulio karibu na hospitali. Mzunguko ule nimeuzunguka na wanafunzi tangu binti yangu hajaota meno. Seremala akauliza, "Mwalimu, natoka wapi?"

Sikujua.

Sikuwa nimesahau jina la barabara, maana hilo husahaulika. Nilizitazama njia zote nne na hakuna hata moja niliyowahi kuiona. Seremala akauliza tena. Tukazunguka. Hapo pikipiki ikaingia mbele yetu kutoka pembeni, mtu amebeba mtoto mgongoni. Mguu wangu ukaenda wenyewe, upesi, kama ulivyokwenda maelfu ya mara, ukakanyaga kwa nguvu zote.

Nilikanyaga klachi.

Gari likawa huru, likateleza mbele kwenye maji. Aliyekanyaga breki ni Seremala, kwa mguu wake, bila kuamriwa. Tulisimama karibu mno na ile pikipiki, niliona mpaka vifungo vya sweta ya mtoto. Yule dereva akatutukana, akaenda zake.

Na mimi nikamgeukia Seremala, nikamfokea. Nilimwambia hana macho, hana adabu ya barabara, hatapata leseni piga ua. Akaniacha nimalize. Kisha akasogeza gari pembeni, akawasha taa za tahadhari kama nilivyomfundisha, akasema polepole, "Mama Breki, nimeona mguu wako."

Mvua ilipiga bati la gari. Nilitaka kukana. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Sitamwambia mtu," akasema. "Si binti, si daktari. Umenifundisha juu ya vifuniko vya sufuria, siwezi kukusaliti."

Nilimpenda kwa hilo, na nilijua palepale kwamba siwezi kulipokea. Ufunguo huu nimeupigania mvua yote. Nimetolewa damu mara mbili, nimepimwa kaswende, nimechomwa sindano, nimechora saa kama mtoto wa chekechea. Sikuvumilia yote hayo ili nije kufichwa na seremala.

Jumanne, 20 Mei
Nilimwambia binti mwenyewe, jana jioni, tukiwa tumekaa jikoni. Nilimwambia mzunguko, pikipiki, mtoto, klachi. Kisha niliweka ufunguo mezani. Aliunyooshea mkono, nikauwekea kiganja juu.

"Ngoja. Huuchukui. Mara ile ulininyang'anya. Leo natoa mimi, na nitasema natoa nini. Barabara natoa. Kiwanja sitoi. Mapipa hayana watoto mgongoni. Nitafundisha klachi, kurudi nyuma na ule mlima wa changarawe wa palepale kiwanjani mpaka nishindwe, na siku nikishindwa nitasema mimi. Mwalimu wa barabarani tutamtafuta na kumlipa. Na daktari nitampigia mwenyewe."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akaanza kulia, si kidogo, kilio cha mtu aliyejikaza tangu mvua ya kwanza. Nilimwuliza analia nini na mimi ndiye niliyepoteza barabara.

"Nilitaka iwe tezi," akasema. "Mama, siku ukinisahau mimi je?"

Daktari hajasema hivyo. Lakini hajasema haitakuwa, na mimi sidanganyi watu jikoni kwangu. Nilimshika uso kwa mikono miwili.

"Nisikilize. Sikuzaliwa nakujua. Waliniletea kitu chekundu kinapiga kelele, wakaniambia huyu wako, na mimi sikukujua hata kidogo. Nilijifunza. Siku nikikusahau, njoo ukae mbele yangu, uniambie wewe ni nani. Nitajifunza tena. Na kesho yake tena. Mimi nimemfundisha baba yako kuendesha, unadhani nitashindwa na wewe?"

Akacheka huku makamasi yanamtoka. Nikamwambia ajipangusie nguo yake, si yangu.

Jumanne, 27 Mei
Seremala amefaulu. Mkaguzi alimwuliza nani kamfundisha kufunga breki mapema vile. Alinijia mbio kunieleza, na mimi nikamwomba radhi kwa yale matusi ya mzunguko. Akasema matusi gani. Nikamwambia asijaribu, hapa anayesahau ni mmoja tu.

Ijumaa, 30 Mei
Daktari ameandika nirudi baada ya miezi sita. Sindano zinaendelea. Akasema nimefanya jambo gumu. Nikamwambia gumu lilikuwa kaswende.

Jumatatu, 2 Juni
Tumempata wa barabarani: mama mstaafu, aliyekuwa dereva wa malori, sauti yake haihitaji honi. Ameniambia kiti changu kinabana. Nimemwambia atakizoea, nami nitamkagua.

Alhamisi, 5 Juni
Jua kutwa nzima. Kiwanja kimekauka. Nilipanga mapipa tangu asubuhi, na mwanafunzi mpya akaja, mwanamke wa makamo mwenye viatu visivyofaa, mkoba ameukumbatia kifuani. Alisimama mbali kidogo na gari. Akanitazama juu mpaka chini.

"Samahani," akasema. "Watu wameniambia mambo. Wewe ndiye yule mwalimu anayesahau?"

Nikamfungulia mlango wa dereva, nikazunguka, nikakaa kwenye kiti changu, nikauweka mguu juu ya breki yangu.

"Ndiye," nikamwambia. "Funga mkanda."